Dada nesi, barafu ya ncha za dunia inatuhusu nini sisi wa Pwani?



Wiki hii kliniki ya wajawazito tulikuwa tunaongea maji ya kunywa. Mama mmoja, mimba ya tatu, akasema kisima cha kwao siku hizi kina chumvi mpaka chai hainyweki. Mwenzake akadakia, redioni wanasema ni barafu za huko mbali zinayeyuka. Benchi zima likacheka. Dada nesi, barafu na sisi wapi na wapi? Nikawaahidi nitaandika. Mtoto akishalala, soma taratibu. Ni ndefu, nimeigawa mara tatu.

SEHEMU YA 1: Unguja ilipokuwa bara

Tuanzie nyumbani. Kusini mashariki mwa Unguja, upande wa Jambiani, kuna pango linaitwa Kuumbi. Wanaakiolojia wamechimba humo wakakuta mifupa ya zamani sana ya pundamilia na nyati. Sasa jiulize, pundamilia alivukaje bahari? Hakuvuka. Alitembea tu.

Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, na maji mengi mno yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu. Canada karibu yote ilikuwa chini ya barafu, na kaskazini ya Ulaya hivyohivyo. Maji yakikaa nchi kavu kama barafu, baharini yanapungua. Bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita kama 120. Mkondo wa kati ya Unguja na bara una sehemu ambazo kina chake hakifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo palikuwa pakavu, watu na wanyama wanapita. (Wapemba msinijie juu, kwenu ni habari nyingine. Mkondo wenu una kina cha mamia ya mita, mlibaki kisiwa.)

Kisha dunia ikapata joto. Barafu zikayeyuka kwa maelfu ya miaka, bahari ikapanda, Unguja ikazungukwa na maji, na wale wanyama wakubwa wakaisha kisiwani. Baada ya hapo, kwa miaka elfu kadhaa, bahari ilitulia. Ndani ya utulivu huo ndipo wazee wetu walipojenga Kilwa, Lamu, Mombasa, wakachimba visima karibu kabisa na maji ya bahari na vikawa vitamu. Tumezoea kuona ufuko ni kitu kisichohama. Sivyo.

SEHEMU YA 2: Dalili za hatari

Kwanza jaribu hili na watoto. Weka maji na vipande vya barafu kwenye glasi, chora alama, subiri viyeyuke. Maji hayapandi, kwa sababu barafu inayoelea ilishachukua nafasi yake. Sasa toa kipande kingine kwenye friji ukitie humo. Hapo yanapanda. Ndiyo maana wataalamu wanaogopa zaidi barafu iliyokaa juu ya nchi kavu: Greenland, ambayo ikiisha yote inatosha kupandisha bahari kwa mita kama 7, na Antaktika, mita kama 58. Usikimbie, haziishi zote leo wala kesho, ni kazi ya karne nyingi. Lakini kipande kidogo tu cha hesabu hiyo kinatosha kutuharibia.

Mnaijua orodha ya dalili za hatari tunayowaimbia kila kliniki: kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono. Tunaisema mapema ili ukiona tu, uondoke nyumbani. Mwaka 1978 mtaalamu wa barafu John Mercer, wa Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, alifanya kitu kama hicho. Aliandika kwenye jarida la Nature kwamba tukiendelea kuchoma mafuta na makaa ya mawe, barafu ya magharibi ya Antaktika inaweza kuporomoka. Akataja na dalili. Angalieni ile rasi ya Antaktika inayochomoza kuelekea Amerika Kusini, pembeni yake kuna mabamba ya barafu yanayoelea baharini. Yataanza kuvunjika ya kaskazini, kisha hali itasogea kusini polepole.

Wapo walioona anatia chumvi. Akafariki 1987.

Mwaka 1995 bamba la Larsen A likavunjika. Lililofuata upande wa kusini ni Larsen B, nalo likavunjika mwanzoni mwa 2002. Kilomita za mraba 3,250, zilizodumu miaka kama 10,000, zilisambaratika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Unguja yote haifiki kilomita za mraba 1,700, basi piga picha Unguja mbili karibu.

Utaniambia, dada nesi si umesema inayoelea haipandishi maji? Ni kweli. Ila bamba lile lilikuwa kama kizibo. Lilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake, juu ya nchi kavu, ilianza kuteremka baharini kwa kasi mara kadhaa ya ile ya mwanzo.

Mwaka huohuo wa 2002 zikarushwa setilaiti mbili za kupima uzito wa barafu kutoka angani, karibu kila mwezi, kama tunavyompandisha mtoto kwenye mzani. Kadi ya Greenland na kadi ya Antaktika zote mstari unashuka. Mtoto wako akiwa na mstari kama ule tungekulaza wodini.

SEHEMU YA 3: Chumvi kwenye kikombe

Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Mwanzoni ilikuwa kama milimita 1.3 kwa mwaka, lakini kati ya 2006 na 2018 imefika 3.7. Si barafu peke yake, maji ya bahari yakipata joto nayo yanatanuka. Ila sehemu ya barafu inakua.

Na hili lilinishangaza. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inavuta maji ya bahari kuizunguka. Ikipungua, mvuto unalegea, maji yanaachiwa yaende mbali. Pwani ya Greenland yenyewe bahari inaweza kushuka, huku kwetu tropiki ikapanda zaidi ya wastani.

Milimita 3.7 kwa macho huzioni. Lakini chini ya ardhi ya pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Bahari ikisukuma, na sisi juu tukivuta kwa mapampu kupita kiasi, chumvi inaingia kisimani. Bangladesh wameliona mapema, eneo la Dacope, mkoa wa Khulna. Utafiti uliotoka 2011 ulikuta wajawazito wanapata chumvi nyingi mno kwenye maji ya kunywa tu, na presha ilikuwa juu zaidi kiangazi. Mwingine wa 2014 ukaihusisha chumvi hiyo na presha ya ujauzito na kifafa cha mimba. Kule kuna sababu nyingine pia, mabwawa ya kamba, vimbunga, mito kupungukiwa maji. Kwa hiyo sikwambii kisima chako kimeharibiwa na Greenland.

Nakwambia hivi: kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haitoki. Maji yakianza kuwa na chumvi na una mimba, tafuta ya bomba au kinga ya mvua, na utuambie kliniki, hata kama hujaulizwa.

Yule mama wa kisima tulimpima siku ileile, 140 kwa 90. Nikampeleka kwa daktari. Sasa anachota kwa wifi yake, mwendo wa nusu saa, na anarudi Jumatatu tupime tena.