Uzembe na Ushahidi katika Kesi za Fidia Nchini Kenya

Matatu ikimgonga mtu nchini Kenya, kesi mbili zinaweza kuzaliwa. Ya kwanza ni ya jinai: serikali inamshtaki dereva, naye akipatikana na hatia anatozwa faini au anafungwa. Ya pili ni ya majeruhi mwenyewe, anayedai fidia ya mguu uliovunjika, bili za hospitali na kipato alichokosa. Hii ya pili iko chini ya sheria ya madhara, yaani makosa anayotendewa mtu na mwenzake hata kama hawakuwahi kuwekeana mkataba: uzembe, kashfa, kuvamia ardhi, kero kwa majirani.

Hakuna sheria moja ya Bunge inayoorodhesha makosa hayo yote. Sehemu kubwa imerithiwa kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inayopokea kanuni za Kiingereza za kufikia tarehe 12 Agosti 1897, kadiri tu mazingira ya Kenya na wakazi wake yanavyoruhusu. Maamuzi ya Uingereza ya baada ya hapo hayawafungi majaji wa Kenya, lakini wameyategemea sana, na linalotajwa kuliko yote ni la mwaka 1932.

Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa ya rangi nzito. Alidai kwamba baada ya kunywa kidogo, kinywaji kilichobaki kilipomiminwa kilitoka na konokono aliyeoza. Kwa kuwa hakulipa yeye, hakuwa na mkataba wa kumshika mtu. Mwaka 1932, majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mlaji wa mwisho, na mmoja wao, Lord Atkin, akaeleza kuwa jirani kisheria ni yule ambaye, ukifikiri vizuri, unaona kitendo chako kinaweza kumdhuru. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba yule konokono hakuwahi kuthibitishwa. Majaji walijibu swali la sheria tu, wakichukulia madai kuwa kweli; mtengenezaji, David Stevenson, alifariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likaisha kwa maelewano.

Mdai wa kawaida hana bahati hiyo. Anapaswa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu kwake, aliukiuka, na ukiukaji huo ndio uliomletea hasara. Kwa dereva na mtembea kwa miguu, wajibu haubishaniwi. Vita huwa kwenye ushahidi: nani alivuka wapi, gari lilikuwa na kasi gani, ni la nani.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inaweka mzigo kwa anayedai. Kipimo chake ni chepesi kuliko cha jinai: inatosha hakimu aone kwamba maelezo ya mdai yana uwezekano mkubwa kuliko ya mpinzani. Mizani ikilingana kabisa, mdai ameshindwa. Shahidi aeleze alichokiona au kukisikia mwenyewe; habari za kuambiwa na jirani kwa kawaida hazipokelewi kuthibitisha kwamba tukio lilitokea hivyo. Video ya simu hupokelewa, mradi iambatane na cheti kinachoeleza ilivyorekodiwa na kifaa kilichotumika. Mawakili wengi huliwazia hili wakiwa wamechelewa.

Umiliki wa gari umewahi kuwa mtego. Katika Thuranira Karauri dhidi ya Agnes Ncheche, mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilitaka cheti cha msajili wa magari. Mwaka 2013, katika Joel Muga Opija dhidi ya East African Sea Food, mahakama hiyohiyo ilikubali abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa kumbukumbu zao za ajali, ikiwa mdaiwa hakuipinga. Naona msimamo huu wa pili ni wa haki zaidi, maana anayejua gari ni la nani ni mwenye gari.

Hukumu ya jinai nayo husaidia. Muda wa rufaa ukipita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya kuwa uthibitisho kamili kwamba dereva alitenda kosa aliloshtakiwa. Mwajiri wake naye hubeba lawama, ikiwa dereva alikuwa kazini. Lakini hukumu hiyo haimzuii mdaiwa kudai kwamba majeruhi alichangia ajali, kwa mfano kwa kuvuka bila kutazama. Hakimu akikubali, hugawa lawama: fidia ya shilingi 1,000,000 kwa aliyechangia asilimia 30 hubaki 700,000.

Madai haya yana muda. Kesi ya uzembe ifunguliwe ndani ya miaka 3, ya kashfa ndani ya miezi 12. Mahakama inaweza kuongeza muda wa kesi ya majeraha pale ambapo mambo ya msingi hayakujulikana kwa mdai. Kutojua tu kwamba sheria inampa haki ya kushtaki hakutoshi.