Safura na Degedege: Historia ya Maneno Mawili na Utafiti wa Damu na Ubongo Kisiwani Pemba



Jina la Kiuyu, kaskazini-mashariki ya Pemba, si geni kwa wanafunzi wa lahaja. Tangu W. H. Whiteley alipochapisha kitabu chake juu ya lahaja na ushairi wa Pemba mwaka 1958, wengi wetu tumezoea kuelekeza kalamu zetu kwenye vijiji vya aina hiyo, vilivyo mbali na shughuli za Wete na Chake Chake. Leo naomba ruhusa niende Kiuyu kwa njia nyingine, njia ya maradhi. Katika Kiuyu Mbuyuni, upande wa Micheweni, na Kiuyu Minungwini, upande wa Wete, watu wameishi kwa uvuvi na kilimo. Kama kwingineko Pemba, kwa vizazi vingi mtoto alikua akitembea pekupeku juu ya udongo wenye unyevu, ambamo mabuu ya minyoo hutoboa ngozi ya unyayo na kuingia mwilini, na usiku aliumwa na mbu. Kiswahili kiliyapa maradhi yaliyotokana na hali hizo mbili majina mawili tofauti: safura na degedege.

Hoja yangu ni moja. Istilahi tuliyoizoea zahanati na darasani, yaani "upungufu wa damu", imetufichia jambo ambalo neno la zamani la safura lilikuwa na fununu yake. Na tafiti za Pemba zilizochapishwa kati ya mwaka 2001 na 2006 zimeonyesha kwamba jambo hilo lina uzito mkubwa katika ubongo wa mtoto, na hata katika lugha yake.

Tuanze na neno lenyewe. Safura limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya umanjano. Mgonjwa aliitwa kwa rangi yake: wekundu umetoka viganjani na machoni, ngozi imefifia. Mwaka 1870 David Livingstone, akiwa amekwama Bambarre katika nchi ya Manyema, ambayo leo ni mashariki ya Kongo, aliandika katika shajara yake habari za ugonjwa ambao, alivyoambiwa, watu wa Unguja waliuita safura. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Alieleza kwamba mgonjwa hushikwa na hamu ya kula udongo, huvimba miguu, hukosa pumzi na kudhoofu. Alikanusha pia dhana kwamba watumwa walikula udongo ili wajiue. Ilikuwa ni hamu ya ugonjwa, akasema, na matajiri wenye chakula tele nao walipatwa nayo.

Kinachonivutia zaidi ni tiba aliyoinukuu kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani aliokuwa nao. Mavi ya chuma yalipashwa moto hadi yakawa mekundu, yakatumbukizwa ndani ya siki kuukuu ya mnazi, kisha ikaongezwa mvuje na chumvi ile ya kijani ambayo wanakemia huiita salfeti ya chuma. Mgonjwa alikunywa asubuhi na jioni kwa siku saba. Siki ikikutana na mavi ya chuma huyeyusha sehemu ya chuma hicho. Na salfeti ya chuma ndiyo chumvi ambayo hadi leo hutengenezewa vidonge wanavyopewa wajawazito. Sisemi kwamba mabwana wale walijua kemia. Sharti waliloambatanisha, la kutokula samaki, mayai wala nyama ya ng'ombe kwa miaka miwili, lilimnyima mgonjwa vyakula alivyovihitaji mno. Lakini katika msamiati wa tiba ya pwani safura na chuma vilikuwa vimekwisha kutiwa katika chungu kimoja.

Sayansi ya maabara ilifika hapo kwa njia yake. Max Perutz na wenzake wa Cambridge waliufumbua muundo wa himoglobini, protini inayoyapa damu wekundu wake, na mwaka 1962 Perutz akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew. Kila molekuli ya himoglobini hubeba atomi nne za chuma, na oksijeni hushikwa hapo. Mnyoo wa safura hujing'ang'aniza katika utumbo na kunyonya damu, na kila tone linalopotea hupotea na chuma chake. Laiti habari ingeishia hapo, "upungufu wa damu" ingekuwa istilahi timilifu. Chuma, hata hivyo, hakikai katika damu peke yake. Mwili hukiweka akiba ndani ya protini iitwayo feritini. Katika ubongo, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini hakifanyi kazi bila chuma, na seli zinazozitengenezea nyuzi za neva ala yake ya mafuta na protini huhitaji chuma kingi. Ala hiyo ndiyo huharakisha ujumbe wa neva, na hujengwa kwa kasi katika miaka ileile mtoto anapojifunza kutembea na kusema.

Jambo hilo lilipimwa Kengeja, kusini mwa Pemba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001 na Rebecca Stoltzfus na wenzake, miongoni mwao Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na mwanasaikolojia Jane Kvalsvig. Watoto 614 wa kati ya miezi 6 na 59 waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa miligramu 10 za chuma kila siku, baadhi dawa ya minyoo kila miezi mitatu, wengine vyote viwili, na wengine dawa bandia. Baada ya mwaka mmoja wazazi waliulizwa juu ya mwendo na usemi wa watoto wao.

Hapa naomba wanaisimu watege masikio. Chuma kiliongeza akiba ya chuma mwilini, lakini kwa jumla hakikuinua himoglobini. Hata hivyo watoto waliopewa chuma waliwapita wenzao kwa alama 0.8 katika kipimo cha lugha chenye alama 20. Katika mwendo, faida ilionekana kwa wale tu ambao himoglobini yao ilikuwa chini sana, pungufu ya gramu 90 kwa lita. Kwa maneno mengine, damu haikuongezeka, lakini usemi uliongezeka. Dawa ambayo tumeizoea kwa jina la "dawa ya kuongeza damu" ilikuwa imefanya kazi yake mahali pengine, na jina lake halituelekezi huko.

Nina dukuduku langu juu ya kipimo. Alama 0.8 ni ndogo, nayo ilitokana na kauli za wazazi. Tena, neno ni nini kwa mtoto wa Pemba? Mtoto anayesema "kaja" ametamka neno moja, ila amekwisha kutaja mtenda, wakati na tendo. Mwingereza angehitaji maneno matatu. Yeyote anayepima ukuaji wa lugha ya Kibantu kwa kuhesabu maneno au kwa urefu wa sentensi hana budi kuamua kwanza ahesabu nini. Tumeandika mengi juu ya mofolojia ya kitenzi cha mtu mzima. Juu ya namna mtoto wa Kiuyu anavyokipata kitenzi hicho, tumeandika kidogo mno.

Sasa nigeukie neno la pili. Degedege lina undugu na ndege, na dege ni jina pia la nondo mkubwa wa usiku, ambaye watu wa pwani wamemdhania kuwa ndiye amletea mtoto mshtuko. Mtoto hukakamaa, macho hupinduka, fahamu hupotea. Utafiti wa Makemba na wenzake katika Wilaya ya Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wazazi waliitambua degedege vizuri kabisa, ila hawakuihesabu kuwa sehemu ya malaria. Homa ilikuwa ya hospitali, degedege ya mganga. Leo twajua kwamba mara nyingi degedege hizo hutokana na malaria kali. Kimelea kikiingia katika chembe nyekundu hupachika juu yake protini iitwayo PfEMP1, nayo huifanya chembe igande katika kuta za mishipa midogo ya damu, pamoja na ile ya ubongo. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walionyesha kwamba katika malaria kali protini hiyo hunasa kipokezi maalumu kilichomo katika kuta hizo, ambacho kwa kawaida husaidia kuzuia damu isigande na mishipa isivuje.

Maneno hayo mawili yalikutana mwaka 2002. Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao, wakiwemo wataalamu wa Pemba, walianzisha jaribio lililoenea kisiwani kote. Watoto 24,076 wa kati ya mwezi 1 na 35 walipewa chuma na asidi ya foliki, au vyote hivyo pamoja na zinki, au dawa bandia. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati ya usalama ilishauri makundi ya chuma yasimamishwe, na yakasimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa maradhi makali kuliko wasiopewa. Taarifa ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2006. Nchini Nepal, ambako jaribio la aina hiyo lilifanyika mahali pasipo na malaria nyingi, madhara hayo hayakuonekana.

Iko sehemu ya taarifa hiyo ambayo husahauliwa upesi. Katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na himoglobini ndogo walinufaika. Hatari iliwaelekea wale ambao chuma hakikuwapungukia. Namna hasa chuma cha ziada kinavyoichochea malaria bado yajadiliwa, lakini tofauti kati ya makundi hayo mawili ilitosha kubadili sera: Shirika la Afya Duniani lilishauri chuma kisigawiwe ovyo kwa watoto wa nchi za malaria, na mwongozo wake wa mwaka 2016 ulisisitiza kwamba huko kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Zanzibar yenyewe ilianza kutumia dawa mseto za malaria mwaka huohuo wa 2003, kisha ikaeneza vyandarua na kupulizia dawa majumbani, na vimelea vikapungua sana.

Ndipo napata ujasiri wa kuwasemesha watunga kamusi. Mtoto mwenye "upungufu wa damu" aweza kuwa amepungukiwa chuma, au ana malaria, au selimundu, na Pemba imetuonyesha kwamba kinachomfaa mmoja chaweza kumdhuru mwingine. "Upungufu wa chuma" ustahili kitomeo chake peke yake, mbali na "upungufu wa damu", na safura irudishiwe maana yake kamili pamoja na habari ya mwaka 1870. Na mwanafunzi atakayekwenda Kiuyu na orodha yake ya maneno ya lahaja, aongeze swali moja kwa kina bibi na wakunga: wakimtambua mtoto wa safura, humjua kwa rangi tu, au humjua pia kwa kuchelewa kwake kusema?