Kura Isiyo na Mfuko: Mfumo wa Uchaguzi na Fedha za Halmashauri nchini Uingereza

Mei 2025 wakazi wa West of England, eneo linalojumuisha jiji la Bristol, walimchagua meya wao wa kanda. Mshindi, mgombea wa chama cha Labour, alipata robo ya kura zilizopigwa. Waliojitokeza walikuwa takribani watatu katika kila wapiga kura kumi. Ukizidisha hesabu hizo mbili unaona kwamba kanda nzima inaongozwa kwa ridhaa ya mtu mmoja katika kila 13 walioandikishwa. Jambo hili halikuwa la lazima. Hadi mwaka 2022 mameya wa England walichaguliwa kwa kura yenye chaguo la kwanza na la pili, na Sheria ya Uchaguzi ya mwaka huo ndiyo iliyowahamishia kwenye kanuni ya anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata kama wengi hawakumtaka.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotumika katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na kujinyakulia viti 411 kati ya 650. Reform UK ilipata asilimia 14.3 na kuambulia viti vitano, ilhali Liberal Democrats, kwa asilimia 12.2, walipata 72. Takwimu hizi zimejadiliwa sana, na wanaodai uwakilishi wa uwiano wanazitumia kila siku. Kando yao kuna mjadala mwingine, wa wahasibu na maofisa wa fedha, unaohusu halmashauri zinazofilisika. Mijadala hii miwili haikutani. Makala hii inadai kuwa suala ni moja: mwananchi wa England amenyimwa uwajibikaji mara mbili, kwanza kwenye sanduku la kura na pili kwenye mfuko wa halmashauri, na kurekebisha upande mmoja pekee hakutamrudishia haki yake.

Tuanze na mfuko. Mwaka 1976 Kamati ya Layfield, iliyoundwa na serikali kuchunguza fedha za serikali za mitaa, iliweka msingi ambao haujapata kupingwa kwa hoja nzito: anayeamua matumizi ndiye apaswaye kutoza kodi ya kuyagharimia, ili mlipaji ajue wa kumuuliza. Kamati ilipendekeza kodi ya mapato ya mitaa. Serikali ya wakati huo ililikataa pendekezo hilo, na zilizofuata zikaenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1990 kiwango cha kodi ya majengo ya biashara kilianza kupangwa na serikali kuu. Mwaka huo huo England na Wales zilipata kodi ya kichwa, ambayo Scotland ilikwisha kuionja mwaka mmoja kabla. Kodi hiyo ilizua ghasia katikati ya London mwezi Machi, na ilichangia kumwondoa Margaret Thatcher madarakani ilipofika Novemba.

Iliyoirithi mwaka 1993, kodi ya halmashauri, ilibuniwa haraka ili kuzima moto, na ndiyo inayotumika hadi leo. Kwa England inakadiriwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa Aprili 1991. Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana hupangiwa daraja kwa kukisia ingeuzwa bei gani mwaka 1991. Daraja la juu kabisa hulipa mara mbili tu ya daraja la kati, hata jumba likiwa na thamani mara ishirini. Matokeo yake ni kwamba mwenye jumba la kifahari Westminster hulipa kidogo kuliko mwenye nyumba ya daraja la kati Hartlepool, mji wa kaskazini uliopoteza viwanda vyake. Ni vigumu kutaja kodi nyingine katika nchi tajiri iliyopitwa na wakati kiasi hiki, na bado hakuna serikali iliyothubutu kuthaminisha nyumba za England upya. Wales ilithubutu, ikatumia thamani za mwaka 2003, na haikusambaratika.

Hata kodi hiyo mbovu halmashauri haina uhuru nayo. Tangu sheria ya mwaka 2011, ikitaka kupandisha kodi kupita kiwango kilichowekwa na waziri, ni lazima iitishe kura ya maoni. Kwa halmashauri kubwa, katika miaka ya karibuni, kiwango hicho kimekuwa chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka. Wakati huohuo ruzuku ilikatwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionyesha mwaka 2018 kuwa fedha za serikali kuu kwa halmashauri za England zilipungua kwa karibu nusu, kwa thamani halisi, kati ya 2010/11 na 2017/18. Majukumu ya kisheria hayakupungua. Wazee na walemavu lazima watunzwe, watoto walio hatarini lazima walindwe, wasio na makazi lazima wapewe malazi. Kilichobaki kukatwa ni maktaba, vituo vya vijana, mabasi na bustani, yaani vitu ambavyo mkazi wa kawaida huviona na kuvitumia. Analipa zaidi, anaona kidogo, na hajui amlaumu nani.

Birmingham inaonyesha hali hii kwa ukamilifu wake. Septemba 2023 halmashauri hiyo, inayohudumia zaidi ya watu milioni moja, ilitoa taarifa ya kifungu cha 114, ambayo ndiyo tangazo la kisheria kwamba mapato hayatoshi matumizi. Madai ya wanawake waliolipwa kidogo kuliko wanaume kwa kazi zenye uzito sawa yalikadiriwa kufikia pauni milioni 760, na mfumo mpya wa kompyuta wa mahesabu ulikuwa umeshindwa. Kesi za mishahara zilianza miaka mingi nyuma na kupitia mikono ya vyama tofauti. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake muhimu mwaka 2012. Serikali kuu ikateua makamishna, ikaruhusu kodi ipande kwa asilimia 9.99, na mwaka uliofuata kwa 7.49. Mpiga kura wa Birmingham akitaka kuadhibu, amwadhibu nani: diwani wa leo, diwani wa 2010, waziri aliyekata ruzuku, au kamishna asiyechaguliwa na mtu?

Sasa tuje kwenye sanduku. Barking and Dagenham, mashariki ya London, Labour ilishinda viti vyote 51 mwaka 2010, ikarudia 2014, 2018 na 2022. Baraza lisilo na mpinzani hata mmoja halina wa kuuliza swali gumu juu ya zabuni. Utafiti wa Mihály Fazekas wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliotolewa mwaka 2015, ulikadiria kuwa udhaifu wa ushindani katika halmashauri za chama kimoja hugharimu hadi pauni bilioni 2.6 kwa mwaka katika mikataba. Uliagizwa na jumuiya inayopigania mageuzi ya uchaguzi, kwa hiyo kiasi hicho kichukuliwe kwa tahadhari. Lakini mantiki yake inasimama, hasa tukikumbuka kuwa Tume ya Ukaguzi, iliyokuwa jicho la umma juu ya halmashauri, ilifungwa mwaka huohuo. Woking, mji mdogo wa Surrey, ulijikuta mwaka 2023 na deni lililokaribia pauni bilioni 2 baada ya kukopa ili kujenga hoteli na maghorofa. Wapiga kura walikibadilisha chama tawala mwaka 2022. Mikopo ilikwisha kusainiwa.

Dawa ya sanduku imejaribiwa. Ireland ya Kaskazini huchagua madiwani kwa kura inayohamishika tangu 1973, na Scotland tangu 2007: mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na kila kata hutoa madiwani kadhaa. Glasgow, mwaka 2003, Labour ilipata viti 71 kati ya 79 kwa chini ya nusu ya kura. Mwaka 2007 ilipata 45, na upinzani wa kweli ukaingia ukumbini. Kata ambazo mgombea alipita bila kupingwa zilikuwa 61 Scotland nzima mwaka 2003; mwaka 2007 hakukuwa na hata moja. Wanaodai kuwa mfumo huu ni mgumu kwa raia wa kawaida wana jibu lao hapo.

Ila Scotland inatufundisha pia mpaka wa dawa hiyo. Mara baada ya madiwani kuchaguliwa kwa haki zaidi, serikali ya Scotland iliigandisha kodi ya halmashauri kwa miaka tisa kuanzia 2008. Iliigandisha tena kwa mwaka 2024/25, ikatangaza uamuzi huo kwenye mkutano mkuu wa chama tawala. Halmashauri ya Argyll and Bute ilipitisha ongezeko la asilimia 10, ikabanwa, ikarudi nyuma. Baraza lililoakisi kura za watu wake kwa usahihi halikuweza kuamua wakazi wake walipe nini.

Mwelekeo wa serikali kuu mjini London nao haujabadilika. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza nyongeza ya kodi kwa nyumba zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 2, kuanzia Aprili 2028. Halmashauri zitaikusanya, fedha zitakwenda Hazina. Wasomaji wa Kenya watashangaa, kwani Katiba yao ya 2010 inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Uingereza, iliyotuachia kanuni yake ya uchaguzi, haina kifungu kama hicho.

Wales imeziruhusu halmashauri tangu 2021 kuchagua zenyewe mfumo wa uwiano, kwa theluthi mbili ya kura za madiwani, yaani kwa ridhaa ya wale wale walionufaika na mfumo wa zamani. Mageuzi ya namna hiyo hayatafika mbali. Kinachohitajika ni sheria moja ya Bunge itakayoleta kura inayohamishika katika halmashauri zote za England na Wales, ithaminishe nyumba za England upya, na izipe halmashauri kodi ya mapato ya mitaa kama Kamati ya Layfield ilivyopendekeza. Labour ina viti vya kutosha kuipitisha kabla ya uchaguzi ujao, na ipimwe kwa hilo.