Fahamu: Samaki Trauti na Maji ya Chemchemi Wilayani Mbulu na Hanang'

Trauti ni samaki wa maji baridi ambaye asili yake si Afrika Mashariki. Mayai yake yaliletwa Kenya mwaka 1905 na samaki hao wakapandwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Wakati wa ukoloni walipandwa pia katika baadhi ya mito ya milima ya Kilimanjaro na Mbeya. Huvuliwa kwa ndoano nyepesi iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hasa baada ya masika, maji yanapotulia na kuwa maangavu.

Trauti huhitaji maji safi, yanayotiririka mwaka mzima, yenye hewa ya kutosha na changarawe za kutagia. Joto likizidi nyuzi 20 za Sentigredi, huanza kudhoofika. Mito inayolishwa na chemchemi humfaa kwa kuwa joto la maji yake halibadiliki sana.

Mbulu na Hanang' zina nyanda za juu zenye baridi na chemchemi, zikiwemo za Msitu wa Hifadhi wa Nou. Hata hivyo, uvuvi unaofahamika zaidi katika eneo hili ni wa perege na kambare katika Ziwa Basotu, ziwa la maji baridi lililomo ndani ya kasoko wilayani Hanang'. Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang', ni la chumvi.

Mwananchi anayetaka kupanda trauti au samaki mwingine mgeni hana budi kupata kwanza kibali cha mamlaka ya uvuvi. Trauti hula wadudu wa majini na samaki wadogo, hivyo aweza kuangamiza viumbe wa asili wa mto, na akishazoea mazingira ni vigumu kumwondoa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza pia kuvua bila leseni na kutumia sumu au baruti.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Msitu ukifyekwa na kingo zikilimwa, udongo hufunika changarawe, maji hupata joto na chemchemi hupungua. Hasara hiyo haiishii kwa samaki. Huwafikia wananchi na mifugo wanaotegemea maji hayo.

Kwa ufafanuzi kuhusu leseni na vibali, wananchi wanashauriwa kumwona Ofisa Uvuvi wa Halmashauri yao. Masuala ya vyanzo vya maji yawasilishwe Bodi ya Maji Bonde la Kati.