Kufuli Ndani ya Prosesa

Mashine nyingi kwenye saiba na vibanda vya sinema hapa Tuwan zilishastaafu mara moja. Zilitumika ofisi za Uingereza, zikapakiwa kontena, zikashuka Mombasa, na sasa ziko Kitale zikianza maisha ya pili. Wasee huniuliza: hii ex-UK yangu siwezi kuiongezea spidi, kuiovakloki? Swali hilo lina historia ndefu kuliko umri wangu.

Mwaka 1984 IBM ilitoa PC AT yenye prosesa ya Intel 80286, mwendo wake megahezi 6. Mapigo yalitoka kwenye kipande kidogo cha kwatzi cha megahezi 12, na prosesa ikayagawa kwa mbili. Watu wakaona kwatzi yenyewe imechomekwa tu, haijalehemiwa. Unang'oa, unachomeka ya 16, mashine inaenda 8. IBM ikajibu kwa kuweka ukaguzi ndani ya biosi: ukizidisha mwendo, mashine inagoma kuwaka.

Halafu ikaja Celeron 300A, Agosti 1998. Bodi ilipiga megahezi 66, prosesa ikazidisha kwa 4.5, unapata 300. Intel ilikuwa imefunga kile kizidishi, lakini mapigo ya bodi hayakufungwa. Ukiyapandisha hadi 100 unapata 450, mwendo wa Pentium II iliyouzwa zaidi ya mara nne ya bei hiyo. Si kila kipande kilikubali, ila vingi vilikubali.

Kufuli zile zilikuwa za kulinda bei, tusidanganyane. Lakini kulikuwa pia na matapeli waliofuta maandishi kwenye prosesa ya bei ya chini na kuandika mwendo mkubwa. Sisi wa Trans Nzoia hatuhitaji kuchorewa picha: mahindi ya kula yanapakwa rangi, yanatiwa kwenye pakiti ya mbegu, na mkulima anajua wakati mvua ishaanza.

Mwaka 2011 Intel iliziba na lile dirisha la bodi. Kwenye Sandy Bridge karibu kila kitu kilifungwa kwenye pigo moja la megahezi 100. Ukilipandisha zaidi kidogo tu, diski na USB zinayumba. Uhuru ukabaki kwa prosesa zenye herufi K. AMD ilifungua Ryzen zote mwaka 2017, ila bodi ya A320 haikuruhusu. Na ile OptiPlex yako ya ofisini? Biosi yake haina hata mahali pa kugusa.

Kama una K au Ryzen kwenye bodi inayokubali, ogopa volti kuliko megahezi. Joto hupanda kwa mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Kutoka volti 1.2 hadi 1.3 pekee ni kama asilimia 17 zaidi ya umeme. Ongeza mwendo asilimia 10 juu yake, unafika karibu 29. Kwa hiyo pandisha mwendo kidogo kidogo, acha volti ilivyo, kisha ibane mashine kwa kazi nzito saa kadhaa ukitazama nyuzijoto. Mimi nikiona 80 narudi nyuma. Ikizima au ikileta makosa, pia rudi.

Baridi ya Kitale inasaidia, lakini si kama watu wanavyodhani. Tuko mita kama 1,900 juu ya bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa. Vumbi la Januari nalo hujaza mapezi ya kipoozi. Pawasaplai ya bei rahisi ndiyo mbaya zaidi, hasa stima ikipotea na kurudi kwa kishindo.

Jamaa wa Youtube akiunguza prosesa atapata video nyingine. Kwa mwenye kibanda chenye mashine moja, hiyo ni kodi ya nyumba. Huyo ningemwambia apulize vumbi, abadilishe krimu iliyokauka juu ya prosesa, kisha anunue SSD. OptiPlex iliyokuwa inawaka dakika nzima itawaka kabla hajamaliza kufungua dirisha la kibanda.