Kabla ya "Mtu Mwenye Ualbino"

Kwenye vituo vya daladala vya Dar es Salaam, Mbagala kama Mwananyamala, mpiga debe ana jina la kila abiria: mshua, sista, mama mkubwa. Kuanzia mwaka 2008 hivi, kijana mwenye ualbino, kofia pana kichwani na shati la mikono mirefu juani, aliweza kupita mtaani akasikia jina lake jipya likirushwa kutoka kijiweni: "Dili hilo!" Wengine walicheka. Yeye alijua kwamba huko Kanda ya Ziwa watu wa rangi yake walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwaahidi wateja wao utajiri kupitia viungo hivyo.

Jina la zamani halikuwa na heshima zaidi. Zeruzeru lilitamkwa kama vile linataja kitu, na nyuma yake kulikuwa na imani kwamba watu hawa hawafi, hutoweka tu. Ukishaaminishwa kwamba jirani yako hafi, msiba wake hutauona.

Chama chao kilianzishwa mwaka 1978 na kikajulikana kama Chama cha Albino Tanzania. Siku hizo adui aliyezungumzwa sana alikuwa jua. Msaada ulikuwa kofia, miwani, mafuta ya ngozi na safari ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, mara nyingi kidonda kikiwa kimeshakomaa. Baadaye chama kilibadili hata jina lake, albino akawa mtu mwenye ualbino. Wapo waliosema ni kurefusha maneno bure. Hao hawajawahi kuitwa dili.

Mwaka 2008 mambo yalikwenda mbio. Mwandishi wa BBC Vicky Ntetema alijifanya mteja, akawafichua waganga waliokuwa wakiuza viungo, kisha akaishi kwa kujificha kutokana na vitisho. Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Dar es Salaam ikapata timu ya soka, Albino United: watu walioambiwa wajifiche wakaingia uwanjani mchana kweupe. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14.

Hukumu haimtibu aliyebaki hai. Aliyekatwa mkono alihitaji mkono wa bandia, ada ya shule, na mtu wa kukaa naye usiku anaposhtuka usingizini. Badala yake wageni wengi walianza na kamera: hebu vua shati, tuoneshe kovu, tusimulie tena ilivyokuwa. Watoto nao walikusanywa kwenye vituo vyenye ulinzi kama Buhangija, Shinyanga. Walinusurika mapanga, lakini wengine walikaa miaka bila kuwaona mama zao. Shirika la Under the Same Sun, lenye ofisi Dar es Salaam, lilisomesha watoto katika shule za bweni, wakikaa darasa moja na wenzao wasio na ualbino. Huo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ulikuwa msaada wenye adabu zaidi.

Halafu ikaja Mei 30, 2024. Mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, Kagera. Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, ilifika akiwa bado anatafutwa. Mwili wake ulipatikana Juni 17.