Chumvi, mizani na wali wa Daktari Kempner

Kuna maswali mawili ambayo mtu akianza kupunguza mwili hachelewi kuyauliza. La kwanza huja na tabasamu: nimeacha chumvi wiki moja tu, kilo mbili zimeondoka, kumbe mchawi alikuwa chumvi? La pili huja na huzuni: nimejinyima tangu Jumatatu, Jumamosi nikateleza na chipsi kuku, Jumapili mizani imepanda kilo moja na nusu, sasa kazi yote imekwenda na maji?

Haijakwenda na maji, ndugu yangu. Maji ndiyo yaliyokuja.

Nimetumia wiki kadhaa kusoma habari za chumvi na uzito, na kilichonishangaza ni kwamba jibu la maswali haya lilipatikana zamani sana, kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza. Na lilipatikana kwa mizani, hii hii inayotunyima usingizi leo.

Tuanzie Paris. Kama uliwahi kuumwa tumbo na homa ukaenda zahanati ya mtaani, ukaambiwa "tupime Widal", basi jina la bwana huyu limeshaandikwa kwenye cheti chako. Fernand Widal ndiye aliyeeleza mwaka 1896 kipimo cha damu cha homa ya matumbo, na sisi bado tunakitumia ingawa wataalamu wanalalamika kila siku kwamba majibu yake hayaaminiki sana. Lakini taifodi si habari yetu leo. Mwaka 1903 Widal na mwenzake Adolphe Javal walikuwa wanahangaika na wagonjwa wa figo waliovimba miguu, uso na tumbo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwalisha wagonjwa hao maziwa matupu. Mgonjwa akinywa maziwa uvimbe unapungua, akirudia chakula cha kawaida anavimba tena. Madaktari wengi wakaamini kwamba mbaya ni nyama.

Widal na Javal wakafanya jambo rahisi ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Wakampa mgonjwa nyama, ila nyama isiyo na chumvi. Uvimbe ukapungua. Wakampa maziwa yale yale yaliyosifiwa, safari hii wakayatia chumvi. Akavimba. Nyama ikaachiwa huru, chumvi ikabaki kizimbani.

Kuna kitu kingine waliona, na kwangu mimi ndicho kinachotuhusu zaidi. Uzito wa mgonjwa ulianza kupanda kabla uvimbe haujaonekana kwa macho. Miguu bado inaonekana myembamba, ukibonyeza kwa kidole haibaki shimo, lakini mizani inasema kuna kitu kimeingia. Kitu chenyewe kilikuwa maji yaliyofichama mwilini, yameshikwa na chumvi. Mwaka uliofuata, 1904, Wafaransa wengine wawili, Ambard na Beaujard, wakaihusisha chumvi hiyo hiyo na presha ya damu, na ugomvi wa chumvi na presha umeendelea hadi leo. Huo tuuache.

Sasa tupige hesabu kidogo, msikimbie. Bila shaka umewahi kumwona mtu ametundikiwa dripu hospitali. Ile chupa ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, kwa sababu hicho ndicho kiwango kinachokaribiana na maji ya mwili wetu. Mwili haupendi kiwango hicho kibadilike. Kwa hiyo ukibaki na gramu 9 za ziada ambazo figo hazijazitoa, mwili utashikilia na karibu lita moja ya maji kuzisindikiza. Unasikia kiu, unakunywa, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Figo zikiwa nzima, mzigo huo unatoka wenyewe katika siku chache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, lakini makadirio yake ni kwamba kwa wastani dunia inakula zaidi ya gramu 10. Mtu anayetoka kwenye 10 akashuka hadi 4 lazima aone mizani inaporomoka wiki ya kwanza. Anayerudi kwenye 10 siku ya harusi ya rafiki yake lazima aione inapanda.

Linganisha na mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kama kalori 7,700. Mtu mzima wa kawaida anatumia 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Ili uamke Jumapili umeongeza kilo moja ya mafuta halisi, ingebidi Jumamosi ule chakula chako cha siku hiyo, halafu juu yake ule cha siku nyingine tatu. Wapo wanaoweza, nawafahamu wawili, lakini wengi wetu hatuwezi.

Hapo sasa ndipo anapoingia Walter Kempner, mtu ambaye maisha yake yangestahili filamu. Alizaliwa Berlin mwaka 1903, mwaka ule ule wa kazi ya Widal. Utawala wa Hitler ulipoanza kubana, akaondoka Ujerumani na mwaka 1934 akafika Chuo Kikuu cha Duke, mji wa Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Mwaka 1939 akaanza kuwapa wagonjwa wa figo na presha kali chakula ambacho ukikisoma unadhani ni adhabu: wali, matunda, juisi na sukari. Basi. Chumvi hakuna kabisa. Sodiamu ya siku nzima ilikuwa kama miligramu 150, ambayo ni chini ya nusu gramu ya chumvi. Kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na dawa ya maana ya presha. Mtu mwenye presha iliyopanda sana alikuwa anaandaliwa kuzikwa.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mama mmoja wa miaka 33, mwaka 1942, mgonjwa wa figo. Kempner alimwambia ale hivyo wiki mbili kisha arudi. Kwa lafudhi yake nzito ya Kijerumani mama akasikia miezi miwili. Kempner alikuwa anahofia kwamba chakula kile kwa muda mrefu kingemdhuru. Mama aliporudi, presha imeshuka, moyo uliokuwa umetanuka umepungua, na macho yaliyokuwa yameharibika ndani yamepona. Lafudhi ikafungua ukurasa mpya wa tiba.

Wagonjwa wale walipungua uzito haraka, na sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa maji, sawasawa na alivyoonyesha Widal. Wengine ilibidi waongezewe sukari ili wasikonde kupita kiasi! Nalisisitiza hili makusudi. Chakula kilikuwa hakina chumvi, lakini kilikuwa na kalori kama 2,000. Chumvi ilitoka, maji yakatoka, na mtu angeweza kubaki na mafuta yake yote kama sukari ingetosha.

Baadaye Kempner akawageukia watu wanene kabisa, akabadilisha mpango: wali ule ule bila chumvi, lakini kalori zikakatwa hadi mia chache kwa siku, pamoja na mazoezi na usimamizi wa kila siku. Mwaka 1975 akachapisha taarifa ya watu 106 ambao kila mmoja alipungua angalau kilo 45. Wastani wao ulikuwa kilo 63.9. Hizo si za maji, hakuna binadamu anayebeba ndoo tatu za maji ya ziada akatembea kwa miguu yake hadi kliniki. Hayo yalikuwa mafuta, na yaliondolewa na njaa.

Kwa hiyo chumvi ilikuwa na kazi gani pale? Mimi naona ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, jaribu kula wali mtupu usio na chumvi, bila mchuzi, bila hata limau la kudanganyia, siku tano mfululizo. Utashiba mapema, tena kwa hasira. Pili, mkojo. Kliniki ilipima mkojo wa wagonjwa, na chumvi ikionekana humo ilikuwa kama alama za vidole: mtu amepita mgahawani usiku. Uzito unaweza kuutafutia visingizio, mkojo hauna kisingizio. Kempner alikuwa mkali mno, na kuna ukurasa mchafu hapa ambao wanaomsifu hupenda kuuruka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kuwachapa baadhi ya wagonjwa waliokiuka masharti. Waliosoma shule zetu watatikisa kichwa, lakini hawa walikuwa watu wazima waliokuja kutafuta msaada, na wengi walimtegemea kama mtoto anavyomtegemea mzazi. Matokeo mazuri kwenye jarida la kitabibu hayafuti hilo.

Wakati Kempner anapika wali, viwanda vya dawa navyo vilikuwa kazini. Mwaka 1958 kikaingia sokoni Marekani kidonge cha kukojoza kiitwacho chlorothiazide, na miaka ya 1960 kikafuata furosemide, ambacho wengi mnakijua kwa jina la Lasix. Kwa mgonjwa wa moyo ni ukombozi. Kwa mtu mwenye haraka na mizani ni mtego. Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, mwaka ambao dawa hizo zilipigwa marufuku kwa mara ya kwanza, wanyanyua vyuma wawili wa Bulgaria, Mitko Grablev na Angel Genchev, walinyang'anywa medali zao za dhahabu kwa sababu ya furosemide, na timu yao nzima ikafunga virago. Dawa za kukojoza husafisha mkojo wa ushahidi, na humshusha mwanamichezo hadi daraja la uzito mwepesi bila kupoteza msuli wala gramu ya mafuta. Nakumbuka hawa Wabulgaria kila nikiona tangazo la chai inayopunguza kilo tano kwa siku saba. Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kuhusu mizani. Ila akikwambia ni kitambi kimeyeyuka, hapo ndipo uulize choo ulikwenda mara ngapi. Na madini yanayotoka na mkojo huo, hasa potasiamu, ndiyo yanayoendesha mapigo ya moyo.

(Wanaoacha wanga nao wana maji yao: kila gramu ya akiba ya wanga mwilini hukaa na kama gramu tatu za maji, na insulini ikishuka figo huachia chumvi. Kilo za wiki ya kwanza zinaelezeka hivyo kwa sehemu kubwa.)

Limebaki swali gumu. Tukiacha maji pembeni, je chumvi inaweza kukuongezea mafuta? Hapa wanasayansi bado wanagombana. Uingereza mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Ma, He na MacGregor waliona kwamba kila gramu moja ya chumvi ya ziada kwa siku iliendana na hatari ya unene iliyo juu kwa asilimia 26 kwa watu wazima na 28 kwa watoto. Kuendana si kusababisha, jamani, sisi waandishi tunalisahau kila siku. Australia, mwaka 2016, watu waliopewa chakula cha mchana chenye chumvi zaidi walikula zaidi kwa asilimia 11. Hilo kila mwenye kibanda cha chipsi analijua bila utafiti.

Kisha mwaka 2017 ikatoka taarifa iliyotikisa watu. Jens Titze na wenzake waliwafuatilia wanaume 10 waliofungiwa Moscow katika chombo cha kuigiza safari ya sayari ya Mars, wakiwabadilishia chumvi kutoka gramu 12 hadi 9 hadi 6. Kwa muda mrefu, chumvi ilipokuwa nyingi walikunywa maji pungufu, wala si zaidi, na walilalamika njaa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwili unachoma nguvu kutengeneza njia ya kuhifadhi maji. Mwaka 2020 kundi jingine, Juraschek na wenzake, likarudia takwimu za majaribio ya Marekani yaitwayo DASH-Sodium, ambamo watafiti walikuwa wanarekebisha chakula ili uzito wa kila mtu usibadilike. Kama chumvi inachoma nguvu, mlaji wa chumvi nyingi angehitaji chakula zaidi kubaki pale pale. Hakuhitaji. Na chumvi ilipopungua, kiu ilipungua. Mimi naegemea upande wa DASH: watu walikuwa wengi zaidi, na chakula chenyewe ndicho kilichopimwa. Kwa mtu wa mjini hatari naiona kwenye kile anachoagiza kushushia chipsi zenye chumvi, na mara nyingi si maji.

Na ile mbinu ya Widal haijafa. Wagonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri bado wanaambiwa na madaktari wajipime kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai, na uzito ukipanda ghafla, kama kilo mbili ndani ya siku tatu, wasisubiri miguu ivimbe, waende hospitali.